Kuku Waliokula Mota

Goti la Bibi Pindo lilikuwa na tabia mbaya. Kila cherehani iliposema tiki-tiki-tiki, goti nalo lilijibu kwa-kwa-kwa. Wateja walidhani ni cherehani inayolilia mafuta. Bibi Pindo hakuwasahihisha. Mwanamke ana haki ya kusingizia chuma.

Jina la Pindo alipewa na wateja wenyewe, kwa sababu pindo alilolishona yeye halifumuki. Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Mlikuwa na cherehani ya kukanyaga kwa miguu, meza ya kukatia vitambaa, kioo kirefu chenye ufa, na kochi. Juu ya kochi alikaa mume wake, Babu Koki. Babu Koki alikuwa fundi bomba, sasa amestaafu. Kazi iliyombakia ilikuwa kusikiliza taarifa ya habari na kuipinga.

"Umesikia?" alisema asubuhi moja. "Eti siku hizi watu wananunua hata vitunguu kwa simu. Upuuzi! Pesa isiyoshikika si pesa. Pesa lazima ikunjike."

"Mgongo wako nao haukunjiki," alijibu Bibi Pindo bila kuinua macho. "Na bado nakuita mume."

Mteja aliyekuwa akijaribu sketi mbele ya kioo alicheka mpaka pini ikamchoma.

Lakini jambo moja halikuwa la kuchekesha. Daktari alikuwa amelitazama lile goti na kusema wazi: "Mama, ukiendelea kukanyaga hiyo cherehani, mguu utagoma kabisa. Ifunge mota ya umeme. Kama huwezi, funga duka."

Mtoto wao mkubwa alichagua la pili. "Funga duka, mama. Upumzike na baba."

"Nipumzike na baba yako?" alisema Bibi Pindo. "Nikimsikiliza kutwa nzima nitamtangulia kaburini. Nitanunua mota."

Basi akaanza kuweka akiba. Kila mteja aliyelipa kwa simu, pesa yake ilibaki humo humo kwenye simu. Bibi Pindo hakuitoa, hakuigusa. Aliiita "mota yangu inayokua."

Simu hiyo ilikuwa na kitu kingine kinachokua. Ilikuwa na kuku. Ulikuwa mchezo tu, wa kufuga kuku kwenye kioo cha simu. Unawapa mahindi, wanataga, unapanda cheo. Mchezo ulitoa mahindi ya bure kila siku, kidogo kidogo, na Bibi Pindo aliridhika nayo. Kila jioni, baada ya kufunika cherehani, aliwalisha kuku wake na kuwasalimia mmoja mmoja.

"Kuku wasio na supu," alisema Babu Koki kwa dharau. "Mtu mzima unasalimiana na kioo."

"Hawa angalau wananisikiliza."

Sasa kuna jambo la kueleza kuhusu ufundi wa Bibi Pindo. Yeye hakuamini karatasi. Karatasi inapotea, inalowa, inaliwa na panya. Kwa hiyo vipimo vya kila mteja alividarizi kwa uzi mwekundu, ndani ya pindo la nguo yenyewe. Mteja akirudi baada ya mwaka, Bibi anageuza pindo tu, anasoma kiuno cha zamani, kisha anamtazama mteja na kutabasamu. Wengine hawakulipenda tabasamu hilo.

Alipofungua akaunti ya pesa kwenye simu aliambiwa achague namba ya siri yenye tarakimu nne. Akachagua. Kisha akaogopa kuisahau. Akafanya kama alivyozoea: akaidarizi kwa uzi mwekundu, vizuri, kwa mwandiko wa kupendeza, kwenye mfuko wa aproni yake. Tarakimu zenyewe hatutazitaja hapa. Hata hadithi ina masikio.

Wateja walipouliza, alisema ni urembo. Wakaamini.

Siku moja simu iliita. Alikuwa mwanamume mwenye sauti laini kama mafuta ya nazi.

"Hongera, mama! Umeshinda zawadi kubwa. Nitajie tu namba yako ya siri nikutumie."

Bibi Pindo akaweka simu kwenye sauti kubwa ili duka zima lisikie. "Asante, mwanangu. Lakini hapa kwetu tunaanza na vipimo. Nyonga yako inchi ngapi?"

"Mama, nahitaji namba ya siri."

"Na mimi nahitaji nyonga. Magereza hawana saizi zote. Nataka nikushonee mapema."

Simu ikakatwa. Duka likalipuka kwa kicheko. Bibi Pindo akajipiga kifuani, hapo hapo juu ya ule mfuko wenye uzi mwekundu. "Namba yangu ya siri," alisema kwa majivuno, "haijui mtu yeyote duniani!"

Babu Koki alikohoa.

Miezi ikaenda. Kuku wakastawi ajabu. Bibi Pindo alipofungua simu jioni, aliwakuta wameshiba. Wengine walikuwa na vifaranga asiowajua. Mmoja mwekundu alikuwa amenenepa mpaka mabawa hayafungiki.

"Mkono wangu una baraka," alisema.

"Sana," alisema Babu Koki. Hakutia hata neno la dharau. Hilo peke yake lilitosha kumshtua mke wake, lakini siku hiyo alikuwa na kola nyingi za kumaliza.

Kisha muuza cherehani akapiga simu. "Mama, mota imefika. Imebaki moja tu. Ukilipa leo naileta na kuifunga. Kuna mtu mwingine anaitaka."

Bibi Pindo alifuta mikono. Akavaa miwani. Akaingiza malipo, akaweka namba ya siri, akabonyeza. Simu ikaleta ujumbe. Akausoma. Akavua miwani, akaifuta, akausoma tena.

*Salio lako halitoshi.*

Aliiweka simu mezani.

"Mota yangu," alisema polepole. "Mota yangu imekwenda."

"Wezi wa mtandaoni!" Babu Koki akaruka kutoka kwenye kochi. "Redio ilisema! Yule wa sauti laini! Si nilikwambia pesa isiyoshikika si pesa?"

"Mzee, nyamaza. Twende kwa Wakala."

Wakala alikuwa jirani yao, mwanamke mnene mcheshi aliyeweka na kutoa pesa za watu kwenye kibanda cha ng'ambo ya barabara. Aliwaona wanavyokuja na akajua si shwari.

"Shikamooni, wazee wangu. Kulikoni?"

"Marahaba, mwanangu. Nimeibiwa. Ingia humu umtafute mwizi." Bibi Pindo akampa simu.

Wakala hakuipokea. "Hapana, mama. Simu ya mtu hashiki mwingine, hata mimi. Bonyeza mwenyewe. Fungua menyu ya pesa. Chagua *taarifa ya malipo*. Itakuomba namba ya siri. Ukifika hapo niambie nigeuke."

"Ugeuke kwa nini? Wewe ni kama mwanangu."

"Ndiyo maana." Akageuka, akatazama ukuta. Kisha akageuza shingo kidogo, akauliza, "Lakini mama, hizo tarakimu za kwenye mfuko wako ni za nini?"

"Hizi? Ni urembo."

"Urembo wa tarakimu nne?"

Bibi Pindo aliziba mfuko kwa mikono miwili, kama mtu aliyefumaniwa akioga.

"Mama yangu wee," alisema Wakala. "Mlango umeufunga kwa kufuli, halafu ufunguo umeutundika shingoni, ukaenda nao sokoni."

Bibi Pindo akauachia mfuko. Alikuwa amekumbuka kicheko cha duka zima siku ile, na jinsi alivyojipiga kifuani. Akainamia simu, akaanza kusoma taarifa. Alisoma kwa sauti, kama alivyofundishwa shule ya msingi, kidole kikifuata maneno.

"Umelipa... mahindi ya kuku. Umelipa... mahindi ya kuku, gunia kubwa. Umelipa... dawa ya mabawa. Umelipa... banda jipya la kuku, la ghorofa." Akainua uso. "Mwizi gani huyu? Anaiba pesa yangu halafu analisha kuku wangu?"

Wakala aligeuka tena, akatupa jicho kando ya kibanda. Bibi Pindo naye akatazama pembeni. Babu Koki alikuwa amejitenga, ameinama, anakagua koki ya nje ya kibanda. Koki yenyewe haikuwa ikivuja.

"Mzee," aliita Bibi Pindo kwa upole.

"Naam, mke wangu."

"Kuku wamenenepa."

"Sana. Hasa yule mwekundu."

"Yule mwekundu umemjuaje?"

Babu Koki alifungua koki. Akaifunga. Maji hayakumsaidia.

"Ukilala kidogo mchana," alisema hatimaye, "simu inabaki mezani. Siku moja nikasema niwatazame tu. Nikakuta wana njaa, wanalia. Mimi si mnyama, mke wangu! Nikabonyeza *lisha*. Simu ikaomba tarakimu nne. Nikatazama msumarini, aproni imening'inia, tarakimu nne hizo hapo."

"Ukaziweka."

"Nikaziweka. Kuku wakala. Nilifurahi siku nzima."

"Na pesa yangu?"

"Sikujua ni pesa!" Babu Koki karibu alie. "Mahindi ya picha, nikadhani na pesa yake ni ya picha. Hakuna noti iliyotoka. Hakuna sarafu iliyolia. Nani angejua?"

"Baba," alisema Wakala, "kila ulipolipa, hakuna ujumbe uliokuja?"

"Vile vijikaratasi vya juu? Vilikuwa vinaziba kuku. Nilikuwa navifuta."

Wakala alijitahidi asicheke. Alishindwa. Lakini alipomaliza, akawasogezea benchi na kusema nao kwa makini.

"Baba, sikia. Mchezo kuingia ni bure, lakini duka lililo ndani ya mchezo si la mchezo. Simu ikikuomba namba ya siri, jua pesa ya kweli inataka kutoka. Tena haina kelele. Noti ukiitoa mkono unahisi. Hii hauihisi, ndiyo maana unaletwa ujumbe. Ule ujumbe ndio mlio wa sarafu. Usome kwanza, ndipo uufute."

"Kumbe inashikika," alisema Babu Koki kwa unyonge. "Inakushika wewe."

"Na mimi?" aliuliza Bibi Pindo.

"Wewe, mama, namba ya siri haiandikwi popote. Si kwenye karatasi, si kwenye kitambaa, si nyuma ya simu. Hapewi mume, hapewi mtoto, hapewi wakala. Na simu yenyewe iwekee kufuli, isilale mezani wazi. Sasa, banda hilo la ghorofa lilinunuliwa lini?"

"Jana," alisema Babu Koki. "Bado sijawahamishia."

"Basi piga huduma kwa wateja sasa hivi. Tumia namba iliyo kwenye kadi ya laini yako. Usitumie namba uliyotumiwa na mtu. Waeleze. Kilichonunuliwa na hakijatumika, huenda kikarudishwa. Ukichelewa, kimekwenda."

Bibi Pindo alipiga. Banda la ghorofa likarudishwa baada ya siku chache. Mahindi hayakurudi. Yalikuwa yameshaliwa.

Pale pale kibandani akabadili namba ya siri. Babu Koki aliamriwa atazame ukuta. Wakala akatazama ukuta. Hata mteja aliyekuwa akisubiri zamu akatazama ukuta, bila kujua kwa nini.

Mota ile ilikwenda kwa yule mtu mwingine. Muuza cherehani akasema itakuja nyingine, wasubiri.

"Na goti litasubiri?" aliuliza Bibi Pindo walipofika nyumbani.

Babu Koki alivuta kigoda. Akakiweka upande wa pili wa cherehani. Akavua viatu, akapandisha miguu yake mikubwa juu ya kanyagio.

"Kuku wamekula mota," alisema. "Mota ni mimi. Shona."

Ikawa hivyo. Bibi akiongoza kitambaa, Babu akikanyaga. Watu walitoka mitaa ya mbali kuja kutazama. Waliokuja kutazama waliona haya kuondoka bila kushonesha kitu.

"Polepole, mzee! Hii ni kola, si mashindano ya magari!"

"Sema gia!"

"Mota yangu haili umeme," Bibi Pindo aliwaambia wateja. "Inakula chai tu. Ila inasinzia."

Alasiri Babu Koki alichukua spana zake za zamani akaenda kutengeneza mabomba ya majirani. Malipo yalikuja kwenye simu ya mke wake. Kila ujumbe ulipolia, alisimama kuusoma kwa sauti, mpaka nukta ya mwisho. Na mota nyingine ilipofika, ililipwa siku hiyo hiyo. Cherehani ikaanza kunguruma taratibu, na goti likapumzika.

Bibi Pindo akafumua uzi mwekundu kwenye aproni. Siku iliyofuata, Wakala alipoleta gauni lipunguzwe, alikuta mfuko umedariziwa tarakimu nne mpya.

"Mama! Tena?"

Bibi Pindo alimkonyeza. "Huu ni urembo. Safari hii ni urembo kweli."

Wakala akaelewa. Akaondoka akicheka peke yake barabarani.

Siku hizo Babu Koki aliruhusiwa kuwalisha kuku mchana, kwa mahindi ya bure, mke wake akiwa hapo hapo anashona. Alasiri moja alikuwa kwenye kochi na simu, ametulia kupita kiasi. Mara akasonya.

"Mke wangu, hiyo namba yako mpya mbovu. Simu inaikataa."

Mota ikazimwa.

"Umejuaje?" aliuliza Bibi Pindo.

Babu Koki alitazama dari. Akatazama kioo chenye ufa. Hapakuwa na koki ya karibu.

"Nilikuwa nakagua usalama," alisema.

"Ukauonaje?"

"Upo," alisema Babu Koki kwa huzuni. "Usalama upo kabisa."