Dakika Mbili za Royce

"Jina lako mama, na upande wako," karani alisema, akimsogezea karatasi mbili. "Wanaounga mkono muswada wa kuzuia bunduki huku. Wanaopinga kule."

Verna alishika kalamu, lakini macho yakamponyoka yakaenda kule. Mstari wa nne: Royce Haskett. Mwandiko wa mumewe kabisa, ameukandamiza kama anafunga nati.

Miezi saba hakuwa ameuona mwandiko ule hata juu ya bahasha.

Aliandika jina lake upande wa kuunga mkono, akaenda kukaa nyuma ya ukumbi wa bunge la jimbo, peke yake. Simu ikatetemeka, ujumbe wa Royce.

"Nimekuona. Koti jepesi hivyo, na nje theluji!"

Akajibu: "Umekula?"

"Kornifleksi. Nimesimama palepale kwenye sinki."

Akacheka kidogo, kisha machozi yakamlenga. Mbele kule Royce, fundi wa matrekta, alikaa katikati ya wenzake wa klabu ya kulenga shabaha, wote na kofia zao za rangi ya chungwa, wamekuja na basi moja. Kofia arobaini, na bado mwanaume alionekana mkiwa.

Ugomvi wao mji mzima uliujua. Verna alikuwa mpishi wa shule. Siku muuaji alipoingia shuleni, Verna alijifungia na watoto kumi na tisa kwenye chumba baridi cha maziwa masaa mawili. Watoto wawili na mwalimu wao hawakutoka shuleni hai. Na bunduki ya kivita iliyowamaliza ilikuwa pacha wa ile ya Royce, iliyolala kwenye sefu chumbani kwao.

"Iondoe," alimwambia.

"Ni ya kukulinda wewe."

"Siku ile ulikuwa wapi?"

Royce alinyamaza. Kimya hicho ndicho kilichompeleka Verna kwa dada yake, kulala kwenye kochi linalomvunja mgongo.

"Verna Haskett! Royce Haskett! Njooni mezani," mama mwenyekiti aliita. Akainua miwani. "Nyinyi ni ndugu?"

"Mume wangu," Verna alisema.

"Mke wangu," Royce akasema papo hapo.

Mtu mmoja ukumbini akacheka. Viti vyao vilikuwa vimegusana.

"Kila mtu dakika mbili. Taa nyekundu ikiwaka, unanyamaza."

Verna alisoma karatasi yake.

"Bunduki hizi zisiuzwe kwa raia. Mimi nimezisikia zikilia nje ya mlango wangu. Mtoto mmoja aliniuliza kwa kunong'ona kama anaruhusiwa kupiga chafya. Walipotutoa walitupeleka kanisani, tukangoja watu wetu. Wenzangu wote walichukuliwa. Wa kwangu alikuja wa mwisho, na mpaka leo..."

Taa nyekundu.

"Ahsante, mama. Bwana Haskett?"

Royce alivua kofia. "Napinga muswada huu. Mtu anayeishi mbali na polisi ana haki ya..."

Akakwama. Akaikunja karatasi yake.

"Endelea, bwana. Muda unakwenda."

"Mke wangu aliniuliza swali, sijalijibu. Siku ile nilikuwa nje ya shule. Nilifika mapema sana, bunduki imejaa risasi. Polisi wakanizuia kwenye utepe waliozungushia shule, na mimi... nilishukuru kuzuiwa. Nilikaa kwenye gari masaa mawili, bunduki mapajani chini ya koti, natetemeka kama kifaranga kilicholowa. Nilichelewa kanisani kwa sababu nilikwenda kwanza kuirudisha kwenye sefu, mke wangu asijue. Miaka kumi na tano naipaka mafuta kwa ajili ya siku ile. Siku ikafika, haikunifaa kitu. Muswada bado naupinga. Lakini nimechoka kuishi peke yangu na lile chuma."

Taa nyekundu. Hakuna aliyepiga makofi, si upande huu wala ule.

Verna alimkuta kwenye ngazi za nje. Basi la klabu lilikuwa limeshaondoka, hata mmoja hakumngoja.

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Kwamba dume zima lilijificha kwenye gari, mke yuko ndani?"

"Ndiyo! Hivyohivyo! Miezi saba nalala nikijua hukuja shuleni, Royce."

Royce alijifuta uso kwa kofia. "Nikiitoa ile bunduki, nitakuwa nimekiri kwamba sikuweza kukuokoa."

"Hukuweza. Nani alikwambia uweze? Mimi nilitaka mtu wangu awe nje tu. Kumbe ulikuwepo, mjinga wewe."

Akamvalisha kofia vizuri, masikio yake yalikuwa mekundu kwa baridi.

"Gari langu lile pale. Tunapitia nyumbani, unaitoa, tunaipeleka polisi. Muswada upite usipite."

"Utaingia nami kituoni?"

"Nitabaki nje, kwenye gari."

"Pale polisi wana fomu nyingi, Verna. Itachukua muda."

"Masaa mawili nayajua," Verna alisema, akimfungulia mlango. "Nitakungoja."