Jina la Bibi, Kichwa cha Kadija

Asubuhi ile, pale Somanga, Zuwena alikaa barazani akisuka ukili wa mkeka. Binti yake mkubwa, Batuli, alikuwa akimsomea kitabu kwa sauti. Mdogo mtu, Kadija, alikuwa akifagia uwanja.

Jirani yao, Mwalimu Apolonia, alipita kusalimia.

"Huyu mdogo kesho anakwenda Mtama, kwa shangazi yake," Zuwena alimwambia. "Akalee mtoto. Shule haiwezi. Darasa la tatu, kusoma bado!"

"Ana nini?"

"Jina, mwalimu! Ana jina la bibi yake mzaa baba. Marehemu, Mungu amrehemu, alikuwa mzito wa kuelewa. Ukirithi jina, umerithi na kichwa."

Apolonia akacheka. "Basi wangu ningemwita Daktari, nikalala! Huyo bibi alisoma?"

"Asome wapi? Nani alimpeleka?"

"Sasa uzito wake uliupimaje?"

Zuwena akaugeuza ukili. Kisha akasema, "Mbona Batuli mwepesi? Baba mmoja, tumbo moja!"

"Mtoto hurithi kwa baba na kwa mama, si kwa jina. Na kila mtoto huchota mchanganyiko wake. Ndiyo maana ndugu hawalingani."

"Si ndivyo nisemavyo? Kazaliwa hivyo."

"Hiyo ni nusu ya neno, Mama Batuli. Miyaa yako hiyo ya kusukia, yote sawa?"

"Hata! Hii laini. Hii migumu, mpaka uiloweke sana."

"Migumu unaitupa?"

"Niitupe? Ukiishughulikia, inasukika."

"Batuli akisoma, nani humsikiliza?"

"Mimi."

"Na Kadija?"

Zuwena akautazama ukili. Akili ilimzunguka. Kama ni kurithi, mafunzo ya nini? Kama ni mafunzo, mbona watoto hawalingani?

"Yote mawili yapo," Apolonia alisema. "Alichozaliwa nacho mtoto hutakijua bila kumfundisha."

Kadija akasimamisha ufagio. "Mama, huko Mtama niende na kitabu changu?"

Zuwena akashusha pumzi. "Mwalimu, sijakuelewa vizuri. Lakini Mtama haendi."

Tangu siku hiyo, kila baada ya sala ya alasiri, Kadija alikaa ubavuni mwa mama yake na kitabu. Alipokwama, walirudia. Zuwena hakumkaripia. Hata dukani, alikokuwa akitumwa Batuli peke yake, sasa alitumwa yeye pia.

Miezi ilipita. Jioni moja Kadija alisoma ukurasa mzima, polepole, bila kusaidiwa. Batuli bado alimpita kwa wepesi. Lakini ukili ulimponyoka Zuwena mkononi.

"Alhamdulillahi! Haya, niambie, hicho kichwa cha nani?"

"Changu, mama," alisema Kadija, akafunua ukurasa wa pili.