Karavani Lisilokanyaga Udongo

Karavani lile lilianza kuuma watu siku ya Jumanne. Wa kwanza alikuwa mama mwenyewe. Alishika kitasa cha mlango kwa mkono uliotoka kunawa, akarushwa hatua mbili nyuma, akasema kwa hasira zaidi kuliko maumivu, "Ebo! Nimekukosea nini?" Wa pili alikuwa paka wa jirani, ambaye tangu siku hiyo hakuonekana tena uani. Wa tatu alikuwa binti wa mama, aliyerudi Jumatano alasiri kutoka kazi ya siku tatu, na hapo mambo yakawa mengine. Binti huyo ni fundi umeme, na hakuna fundi umeme anayekubali kupigwa shoti nyumbani kwake.

"Nani aliyeunga huu umeme?" aliuliza huku akijisugua kiwiko.

Hakukuwa na haja ya kuuliza. Mdogo wake wa kiume, yule wanayemwita Bingwa kwa sababu hajawahi kukiri kwamba kuna kitu asichokijua, alikuwa tayari anatazama viatu vyake.

Karavani lenyewe lilikuwa kijumba cha bati juu ya magurudumu manne ya mpira, cha kuvutwa na gari, chenye kitanda, jiko la kona na dirisha la kuchungulia. Baba yao alilinunua kuukuu ili amtembeze mkewe uzeeni. Uzee wa baba haukufika, na karavani likabaki limeegeshwa uani kwa fundi, mama ndani yake. Ukimwambia ahamie nyumbani anakujibu, "Mimi si mgeni wa kulala sebuleni kwa mtu." Kwa miaka kumi na tisa aliishi humo kwa taa ya betri. Lakini mapafu yake yalichoka, na Jumatatu hospitali ikampa mashine ya oksijeni yenye mrija wa puani. Mashine hiyo inataka umeme usiku na mchana, na fundi hakuwepo. Bingwa akajitosa.

Fundi alifuata waya kutoka karavanini. Ilikuwa ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu, nusu yake bado imezungushwa kwenye gurudumu lake la plastiki, chini ya beseni la nguo mbichi. Aligusa gurudumu lile, lilikuwa la moto. Akaingia jikoni. Kwenye soketi palichomekwa plagi ya meno mawili, na kwenye tundu la juu kalamu imekitwa kama mshumaa wa keki.

"Hii kalamu inafanya nini hapa?"

"Si ndiyo inafungua matundu, dada. Bila kalamu plagi haiingii."

"Waya wa karavani una nyaya tatu ndani. Wa kijani uko wapi?"

"Niliukata. Plagi ni ya redio, ina meno mawili. Wa tatu ningeuweka wapi? Na taa ziliwaka vizuri tu bila huo. Nikajua ni wa urembo."

"Urembo!" Fundi alishika kiuno. "Bwana mkubwa, huo ndio unaoupeleka umeme ardhini ukipotea njia. Ukiukata, umeme uliopotea unakaa kwenye bati zima ukimsubiri mama ashike kitasa."

Fundi alimwonea huruma kidogo, lakini hakuionyesha. Alikwenda kwenye swichi kubwa ya nyumba, akaizima, akaipiga kufuli, ufunguo akauficha chini ya kilemba. Ndivyo afanyavyo kila mahali, hata kwa mabosi wanaomcheka. Kisha akachomoa plagi, akarudi uani nayo mkononi akimpigia mama kelele dirishani kwamba mashine sasa inatumia betri yake, ina saa mbili, na kabla hazijaisha atakuwa amemwekea umeme wa kiungwana.

"Fanya haraka," mama alijibu. "Na umwambie Bingwa simchukii."

Bingwa akacheka kwa aibu, akaegemea karavani, na karavani likamtupa chini.

Fundi alitazama plagi. Alikuwa ameishika mkononi mwake mwenyewe. Waya wote ulikuwa umelala uani haujagusa kitu, nyumba nzima imezimwa, na karavani limemuuma mtu. Alitoa testa mfukoni, ile bisibisi ya kupimia umeme, akaisogeza kwenye bati. Kitaa chake kikawaka chekundu. Aliondoa, kikazima. Akarudisha, kikawaka.

Ndipo aliposikia harufu ya nywele zilizoungua, na nyuma ya harufu ile mngurumo mdogo, kama wa mtu anayeimba amefunga mdomo, ukipita ndani ya bati kutoka kona moja kwenda nyingine, taratibu, bila haraka yoyote. Mlango wa karavani ukajifunga kwa kishindo.

"Nani kafunga?" mama aliuliza kutoka ndani. Kitasa kilicheza, kikagoma. "Wanangu, kuna mtu humu. Ananipumulia kisogoni."

"Dada," Bingwa alinong'ona, bado ameketi chini. "Tumfuate mganga."

"Wa wapi, na mama ana saa mbili?"

"Hiki si kitu cha fundi."

"Kimekaa kwenye bati, kinauma, testa inakiona," fundi alisema. Sauti yake ilitetemeka, naye akaikasirikia sauti yake. "Basi ni cha fundi. Nenda stoo, leta ile fimbo ya shaba, nyundo kubwa na glavu zangu. Mbio!"

Wote wawili walijua baba alikufaje, ingawa hawakuwa wameliongea kwa miaka mingi. Alikufa akiwa amepiga magoti hapo hapo kando ya karavani, waya wa kijani mkononi, akitaka kuufunga. Umeme ulikuwa umewashwa. Majirani wawili waliapa kwamba walisikia sauti ya mtoto ikipaa kutoka ndani ya nyumba: "Nimezima, baba! Shika tu!" Mtoto aliyekuwa ndani ni mmoja, Bingwa, wa miaka tisa. Alilia na kuapa hakusema neno. Hakuna aliyempiga wala kumlaumu. Watu waliacha tu kumwachia kazi yoyote yenye maana, na yeye akajifunza kuchekesha. Fundi, aliyekuwa na miaka kumi na minne, alimpenda mdogo wake siku zote, lakini hakuwahi kumwamini juu ya siku ile. Na kanuni yake ya kufuli na ufunguo ilitoka huko, kwamba swichi izimwe na mkono wako, isizimwe na maneno ya mtu.

Walichagua mahali penye udongo wenye unyevu, hatua mbili kutoka magurudumuni. Fimbo ya shaba ilikuwa na urefu wa mtu. Bingwa aliishika wima, fundi akapiga nyundo. Kila pigo, mngurumo ndani ya bati ulipanda. Jua lilikuwa limeshuka kwenye paa la jirani. Mama alikuwa ameacha kugonga mlango ili atunze pumzi, na kila baada ya muda alipiga kofi moja ukutani kuwajulisha kwamba bado yupo. Fimbo iligonga jiwe, wakaing'oa, wakaanza upya pembeni. Saa nzima ilipita hivyo, na nyingine ikaanza kukatika.

Hatimaye kilibaki kichwa cha fimbo tu juu ya udongo. Fundi alifunga waya mnene wa kijani kwenye fimbo, akauburuta hadi kwenye chuma cha chini cha karavani, pale penye boliti aliyokuwa ameiandaa baba. Nati yake ilikuwa ndogo. Ndani ya glavu nene, vidole vilikuwa vipofu, nati ikamponyoka mara mbili, mara tatu, na ukutani kofi la mama lilikuja kwa kuchelewa na kwa unyonge, ndipo fundi, jasho likimwingia machoni, akiwaza betri, akiwaza mapafu, akiwaza kwamba dakika moja ya kupapasa ni dakika moja ya mama, akavua glavu ya kulia kwa meno yake na kunyoosha vidole vitupu kuelekea chuma, na wakati huo huo sauti ya Bingwa ikapaa kutoka nyuma ya nyumba, yenye furaha, yenye kuhema, sauti ya mtu aliyepata dawa:

"Dada! Nimelizima! Haliumi tena, shika tu!"

Mkono ulibakiza upana wa kidole. Fundi aliinua macho.

Bingwa alikuwa amepiga magoti mbele yake, waya ameushika kwa mikono miwili, nati mbili za akiba amezibana kwa meno. Mdomo wake haukuweza kusema chochote. Macho yake yalikuwa yamemtoka.

Fundi alirudisha mkono taratibu, akavaa glavu.

"Rudia," alisema akitazama nyumba. "Sikusikia vizuri."

Halafu sauti ikatoka karibu zaidi, ndani ya bati lenyewe, na safari hii ilikuwa ya mtoto mdogo, nyembamba, ya utii: "Nimezima, baba. Shika tu."

Nati zikadondoka mdomoni mwa Bingwa. Alitoa mlio ambao fundi hakuwahi kuusikia kwa mtu mzima.

"Dada," alisema. "Dada, nilikwambieni."

Fundi alihisi kifua chake kikipasuka kwa aibu, kisha aibu ile ikageuka ghadhabu, na ghadhabu ikafukuza woga wote. "Ulituambia," alisema. "Shikilia waya, mdogo wangu. Shikilia vizuri, nakuamini."

Sasa jini lililokuwamo liliacha kuazima sauti za watu. Liliongea kwa mngurumo, vioo vya dirisha vikitetemeka kwa kila neno. "Fundi, tuelewane. Nilitoka udongoni kwa taabu, sirudi. Hapa ni juu ya mpira, udongo haunigusi. Uache waya, nami nitamwacha mama yako apumue. Ukiufunga, ninambana kifua sasa hivi."

"Pumzi ya mama yangu si yako hata uigawe."

"Mwulize mwenyewe."

Fundi alisita. Naam, alisita, tusimsingizie ushujaa; ni mama yake. Ukutani palikuwa kimya, kimya cha kutisha, hata akaanza kuhesabu moyoni bila kujua anahesabu nini. Kisha likaja teke, si kofi, teke la mguu lililotikisa karavani zima, na neno moja lililokwaruza koo:

"Funga!"

Hapo hakuwa na shaka ni sauti ya nani. Jini lisingeomba kufungwa hata kwa utani.

Alikamata nati kwa koleo la mpini wa mpira, akaikita kwenye boliti, akaizungusha. Mara ya kwanza cheche ilimruka usoni. Mara ya pili Bingwa alipiga ukelele lakini hakuachia waya. Mara ya tatu nati ilikaza, na kitu kikapita. Kilipita ndani ya waya ule mbele ya macho yao, waya ukivimba na kujikunjakunja kutoka kwenye chuma kuelekea kwenye fimbo, harufu ya nywele zilizoungua ikijaa uani hadi machozi yakawatoka, magurudumu yakilia, mabati yakipigana, sauti mia za watu kilizoziazima zikipiga kelele kwa pamoja kwamba wamezima, wamezima, shika tu, zikishuka, zikididimia, mpaka udongo ukazimeza.

Mlango ulifunguka wenyewe. Mama alikuwa ameketi sakafuni, mrija puani, midomo ya bluu. Betri ilionyesha asilimia tatu.

Fundi hakukimbilia kuwasha, ingawa kila kiungo chake kilitaka. Testa nayo huweza kufa ikadanganya, na kwake umeme ulikuwa umezimwa. Akamtuma Bingwa kwa jirani aombe kuijaribu kwenye soketi yao. Bingwa akaenda mbio na kurudi: inawaka. Fundi akaigusisha kwenye bati: haikuwaka. Bingwa akarudishwa tena kwa jirani: inawaka bado. Basi ndiyo kweli, bati halina umeme tena. Akavuta kebo nene kutoka garini kwake, akainyoosha yote bila kuiacha hata mzunguko mmoja, mbali na maji, akafunga nyaya tatu kwenye plagi ya meno matatu, akaweka kikatizi kile kinachokata umeme kabla haujamfikia mtu. Alichomeka karavanini kwanza, kisha nyumbani, na mwisho akatoa ufunguo kwenye kilemba na kuinua swichi.

Mashine ilivuma. Mama alivuta hewa, akaitoa, akavuta tena. Midomo yake ilirudi rangi yake polepole, na Bingwa, aliyekuwa ameketi mlangoni akikumbatia magoti, alilia kwa sauti bila kujificha.

"Nisamehe," fundi alimwambia. "Miaka yote hiyo, nisamehe."

"Nimechoka tu, dada," alisema. "Nimefurahi, lakini nimechoka."

Kesho yake asubuhi fundi alikuta udongo kuzunguka fimbo umekauka ukawa unga, na nyasi zote zimelala zikitazama nje. Aliweka sikio karibu. Chini kabisa palikuwa na mngurumo. Akachukua kiti cha plastiki, akakikita juu ya pale pale, akaketi na kikombe chake cha chai.

Mama alitoka mlangoni, mrija mrefu ukimfuata, Bingwa amemshika mkono. "Mwenzetu yuko wapi?"

"Hapa, chini ya kiti changu."

"Amekufa?"

"Hajafa. Amefungwa."

Mama alipasogelea mahali pale. "Inuka," alisema. "Hicho kiti ni changu."

Aliketi, akavua viatu, akakanyaga udongo ule kwa nyayo tupu, kama mtu anayekandamiza kifuniko. Mngurumo ukapanda. Ukageuka sauti ya baba yao, ya upole, iliyomwita mama kwa jina la chumbani ambalo watoto hawakuwahi kulisikia, ikimwambia kuna baridi huku, ainue miguu kidogo tu.

Machozi yalimtiririka mama hadi kidevuni. Alimwomba Bingwa amletee na yeye chai, na miguu hakuinua.