Mwanasesere wa Mama Ema

Anyisile alikuwa dada wa babu yangu, na haya yalimkuta Makambako enzi za Mwingereza, miti ya miwati ndiyo kwanza inapandwa upande wa Njombe. Hakuolewa. Alishona wanasesere wa kaniki, akawajaza manyoya ya kondoo na kuwauza sokoni. Waliomgusa moyo hakuwauza. Aliwapanga rafuni pamoja na wengine aliowapata huku na huku: wa mianzi kutoka Ukinga, wa udongo kutoka Lupingu, na mmoja wa Kizungu aliyevunjika pua. Kila Jumamosi aliwafuta vumbi. Kwa hilo tu, majirani walimwita mchawi.

Asubuhi moja ya ukungu, Kristina, jirani ambaye hata salamu alikuwa hampi, aliingia bila hodi. Alikuwa amemzika binti yake, Ema, wakati wa mavuno. Akafungua kifundo cha kitambaa juu ya meza. Ndani mlikuwa na nywele.

"Nishonee mtoto wangu," alisema. "Umtie hizi."

"Mama Ema, nywele za marehemu haziguswi na sindano."

"Wewe hujazaa. Utajua nini?"

Neno hilo lilimchoma. Angeweza kumfukuza. Badala yake akashika sindano, akashona kwa hasira mpaka akamaliza. Kristina akamfunga mwanasesere mgongoni kama mtoto, akaondoka bila asante.

Mvua zilipoanza, akamrudisha. Alimtupa mlangoni kama anayetupa nyoka.

"Chukua kitu chako."

"Kimefanya nini?"

Kristina aligeuka kwanza kutazama nyuma. Kisha akanong'ona, "Anakua."

Anyisile alicheka. Akamwinua. Gauni alilomshonea la kufika miguuni sasa liliishia magotini. Mshono wa ubavuni ulikuwa umefumuka. Akaingiza kidole. Ndani mlikuwa na joto.

Kumchoma moto hakuthubutu. Zilikuwa nywele za mtoto wa watu. Akamweka rafuni. Kulipokucha, mwanasesere aliyekaa karibu naye alikuwa amenywea, kitambaa kitupu. Siku iliyofuata, mwingine. Sakafuni hapakuwa na hata unyoya mmoja.

Akaenda kwa Yoeli, mume wa Kristina.

"Baba Ema, nakuomba. Tumfukie kaburini kwa mwanao."

Yoeli alitema mate karibu na miguu yake. "Umemla, sasa unataka kumfukua?"

Mchana ule ule walikuja na mienge ya nyasi. Watu aliowajua. Watu ambao watoto wao walichezea wanasesere wake. Walimshika mikono, hawakumruhusu kutoa hata blanketi. Nyasi za paa zilishika moto haraka. Kupitia dirishani aliona wanasesere wa rafuni wakiungua, mmoja baada ya mwingine, na machozi yakamtoka kama mtu anayefiwa.

Halafu akakodoa macho.

Wanasesere wengine wote waliungua wakiwa wameketi. Yule wa nywele za Ema alikuwa amesimama.

Kristina naye alimwona. "Ema!" alipiga ukelele, akajitupa kuelekea motoni. Wanaume wakamkamata. Paa likaporomoka. Watu wakatawanyika, hakuna aliyemtazama mwenzake usoni.

Anyisile alilala kwenye baraza ya kanisa. Alfajiri, kabla ya kutafuta lori la kumrudisha kwao Njombe, alikwenda kuona kama kumesalia chochote. Majivu yalikuwa yamelowa umande. Katikati yake zilianza nyayo, ndogo, za miguu mitupu. Zilitoka nje.

Akazifuata. Zilipita nyumba zisizohusika. Zilisimama kwenye kila nyumba iliyoleta moto, na kila mlango uliachiwa alama ya kiganja cha majivu. Mlango wa kwanza, alama ilikuwa usawa wa goti. Uliofuata, usawa wa kiuno. Kisha kifua. Nyayo nazo zilizidi kuwa ndefu.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Kristina. Pale kiganja kilikuwa juu kabisa, chini ya paa, mahali ambapo Yoeli asingefika hata kwa kusimama juu ya kiti.

Mlango ulikuwa wazi, na nyayo zilikuwa zimeingia ndani. Anyisile alitoa salamu kwa sauti ndogo, "Kamwene?"

Hakuna aliyeitika.