Kwa Nini Miche ya Rapolas Iligeuka Njano

Rapolas na binti yake Daiva waliishi Kėdainiai, mji wa watu wapendao matango. Miaka yote mkewe Rapolas ndiye aliyepanda. Mwaka huu hakuwepo. Alifariki wakati wa theluji, akaacha mbegu kumi na mbili za matango ndani ya bahasha.

Mwezi wa nne walizipanda kwenye vikopo, wakaviweka dirishani. Zote ziliota. Wiki ya tatu, majani ya chini yakaanza kugeuka njano. Miche miwili ikalala, ikafa.

"Ina njaa hii," alisema Rapolas. "Naenda kununua mbolea."

"Ngoja kwanza, baba. Tukikosea, mbegu za mama zimekwisha."

Daiva akamwita jirani yao, shangazi Bronė. Bronė alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye mabanda ya kioo ya kukuzia mboga.

Bronė alivaa miwani. Akageuza jani moja, akalitazama kwa chini.

"Unatafuta nini?" aliuliza Rapolas.

"Wadudu. Utitiri huacha vidoa vidogo na nyuzi nyembamba kama za buibui. Hapa ni safi. Njano imeanzia wapi, juu au chini?"

"Chini."

"Na majani yamelegea." Bronė akachomeka kidole kwenye udongo, kisha akakipeleka puani kwa Rapolas. "Nusa."

"Lo! Kama kinamasi!"

"Mizizi inazama, Rapolas. Ikikosa hewa inaoza, na jani halipati chakula. Ukiitia mbolea sasa, utaimaliza. Nani anamwagilia?"

"Mimi, kila asubuhi," alisema Rapolas.

"Mimi, kila jioni," alisema Daiva.

Wakatazamana.

"Nilidhani unasahau, baba. Siku hizi unasahau hata kula."

"Nami niliona unarudi kazini umechoka. Sikutaka kukusumbua."

"Makubwa haya!" alisema Bronė. "Mnaishi nyumba moja au mnapishana tu mlangoni?"



Bronė akageuza kopo. Halikuwa na tundu hata moja. Wakatoboa vikopo vyote chini, maji yakachuruzika.

"Sasa msiimwagilie mpaka udongo ukauke juu," alisema. "Chomeka kidole. Kikitoka na unyevu, acha. Kikitoka kikavu, mwagilia asubuhi, kwa maji yaliyokaa ndani yakapoteza baridi. Jani la njano halirudi kuwa kijani. Tazameni majani mapya."

Ilikuwa vigumu kungoja bila kufanya lolote. Mche mmoja zaidi ulikufa. Rapolas alikaa nao mkononi muda mrefu kabla ya kuutupa.

Lakini sasa baba na binti walikutana dirishani kila asubuhi, wakapima udongo pamoja, kisha wakanywa kahawa. Siku ya tisa Daiva aliita, "Baba, njoo uone!" Majani mapya yalikuwa yamefunguka, ya kijani kibichi. Miche tisa ilipona. Baridi ya usiku ilipokwisha, waliihamishia bustanini.

Mwezi wa saba Daiva alikata tango la kwanza kwa urefu, akalipaka asali, kama ilivyo desturi ya mji huo. Walikula wamekaa ngazini.

"Mama yako angesema asali haitoshi," alisema Rapolas.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kumtaja tangu msiba. Daiva akamsogezea chupa ya asali.