Mistari Aliyoichuma Wangeci

Muhula mzima ulipita kabla Wangeci hajatambua kwamba kaka yake, Zacheus, alikuwa mgonjwa. Si kwamba hakuwa na macho. Aliona jinsi Zacheus, mwenye umri wa miaka kumi na sita, alivyoacha kwenda uwanjani kucheza voliboli. Aliona sahani yake ikirudi jikoni na ugali uleule aliopakuliwa. Siku nyingine alisikia harufu ya pombe ya chang'aa ikimtoka mdomoni, na jua bado halijatua. Aliyaona hayo yote, akayapa jina moja: uvivu. Baadaye aliongeza la pili: ulevi. Jina la tatu, ambalo lingemsaidia kaka yake, hakulijua.

Nyumbani kwao Boito, kila mtoto alikuwa na mistari yake ya chai. Babu yao, aliyehamia huko kutoka Murang'a zamani, ndiye aliyeianzisha desturi hiyo, na mama yao, Gathoni, aliifuata bila kuyumba. Wangeci, aliyekuwa gredi ya saba, alikuwa na mistari minne. Zacheus alikuwa na saba. Kila baada ya siku kumi hivi, machipukizi huwa tayari kuchumwa. Yakiachwa, michai hurefuka ovyo, na sehemu yake ya juu, ambayo wao waliiita meza, huacha kuwa tambarare.

Gathoni alishinda dukani kwake sokoni na kurudi jioni. Hakuwa na mazoea ya kuwauliza watoto wake habari zao. Alipita ukingoni mwa shamba, akatazama meza, akaridhika.

"Michai haijui kusema uongo," alizoea kusema. "Mistari ya mtu ikiwa sawa, naye yuko sawa."

Kwa hiyo Zacheus alipoanza kulala Jumamosi kutwa, blanketi limemfunika hadi kichwani, Wangeci aliogopa.

"Zacheus, amka. Mistari yako ilitakiwa kuchumwa juzi."

"Wacha tu, Wangeci."

"Na Mama akiona?"

"Usimwambie. Tafadhali. Nitachuma kesho."

Kesho hiyo haikufika. Wangeci alimaliza mistari yake minne, akaingia katika ile saba ya kaka yake. Alilaza ufito juu ya michai kama alivyofundishwa, akachuma kila chipukizi lililoupita, mpaka meza ikanyooka. Siku kumi baadaye alifanya vivyo hivyo, na baada ya hapo tena.

Chepkurui, jirani aliyesoma darasa moja na Wangeci, alimwona kutoka ng'ambo ya ua.

"Wewe! Siku hizi Zacheus amekuandika kazi?"

"Anajiandaa kwa mtihani."

"Mtihani wa kulala? Haki, jana nilimwona akitoka kwa wauza pombe, anatembea kama ndama aliyezaliwa asubuhi!"

Wangeci alicheka. Kicheko hicho kilikuja kumuuma kwa muda mrefu.

Jioni moja, wakila, Gathoni alimgeukia mwanawe. "Zacheus, nilianza kuwa na wasiwasi juu yako. Lakini nimepita shambani leo. Mistari yako inapendeza, na moyo wangu umetulia."

Zacheus alimtupia dadake jicho, kisha akainamisha kichwa. Wangeci aliendelea kutafuna.

Mwezi wa saba, Gathoni aligundua chupa ndani ya kikapu cha kuchumia cha mwanawe. Alilia, akamwita mzee wa kanisa, Mzee James. Mzee aliomba kwa unyenyekevu, na Zacheus akaapa mbele yao kwamba hatakunywa tena. Mwanzoni alikitimiza kiapo hicho. Siku kumi zilipita bila tone la pombe.

Hapo ndipo Wangeci alipochanganyikiwa. Pombe ilikuwa imeondoka, lakini kaka yake hakuwa amerudi. Hakuoga. Hakula. Alitazama ukuta kana kwamba umeandikwa kitu. Jumapili, baada ya ibada, Wangeci alimpata ameketi chini katikati ya michai.

"Si umeacha pombe? Mbona hufurahi?"

"Pombe ilikuwa inanisaidia nisisikie. Sasa nasikia yote."

"Unasikia nini?"

"Kwamba mimi ni mzigo tu. Ningekuwa sipo, mngepumzika." Alishika tawi la mchai lililokuwa karibu naye. "Hata mistari yangu ina mtu wa kuichuma."

Kazi ambayo Wangeci aliidhani kuwa upendo, kaka yake aliisoma kama ushahidi kwamba hahitajiki. Alikimbia mpaka jikoni.

"Mama, mistari ya Zacheus ni mimi ninayeichuma! Tangu mwezi wa tano!"

"Unasema nini?"

"Alinisihi nisikuambie. Na sasa amesema angekuwa hayupo tungepumzika."

Gathoni hakuuliza lolote kuhusu chai. "Yuko wapi?"

Alikwenda shambani, akaketi udongoni kando ya mwanawe akiwa na nguo zake za kanisani, akamshika mkono. Hakumwacha peke yake hata dakika moja. Saa nane walikuwa katika kituo cha afya, ambacho hakifungwi Jumapili.

Tabibu, Bi. Nyakerario, alizungumza na Zacheus faraghani kwa zaidi ya saa moja. Kisha, kwa idhini yake, aliwaita mama na dada.

"Daktari, nani amemkosea mtoto wangu?" Gathoni aliuliza. "Hatukufiwa. Hakufukuzwa shule."

"Mama Zacheus, ugonjwa huu hauhitaji kosa la mtu. Hii ni huzuni ambayo ni maradhi, nasi huiita sonona. Alikunywa ili aikimbie, na pombe ikaizidisha. Ukimwachisha pombe peke yake, huzuni humrudisha palepale. Ukimtibu huzuni huku anakunywa, pombe huyaharibu matibabu. Basi tutavitibu vyote viwili kwa pamoja, hapahapa."

"Na maombi?"

"Mwombee, na umlete kliniki. Hili halikatazi lile."

Wangeci alishindwa kuyazuia machozi. "Ni mimi. Ningesema mapema..."

Bi. Nyakerario alimsogezea kiti. "Hukumpa ugonjwa, Wangeci. Kumbuka hilo. Lakini uliificha dalili ambayo mama yako angeiona, na hilo pia ni kweli. Ukimpenda mtu, usimfichie maradhi. Siri inayomweka mwenzako hatarini hupelekwa kwa mtu mzima unayemwamini, hata kama uliombwa uinyamazie. Leo umefanya hivyo."

"Nami nilitazama michai," Gathoni alisema polepole, "badala ya kumtazama mtoto."

Zacheus aliuliza, "Nitapona?"

"Watu wengi hupata nafuu," tabibu alijibu. "Si kwa siku moja, na si kwa mstari ulionyooka. Ukianguka, njoo. Usisubiri uwe mzima ndipo uje."

Sasa Zacheus huenda kliniki kila Alhamisi, na mara moja kwa mwezi Gathoni na Wangeci huketi naye kwenye mazungumzo hayo. Kwa sasa amepumzika masomo, na shule imemruhusu arudi Januari. Mwezi wa tisa alikunywa tena, siku moja. Kesho yake asubuhi yeye mwenyewe alimwambia mama yake, na wakaenda kliniki pamoja.