Mrija Usiovuta

"Uji Moto, Uji Moto, unanipata?"

Kapteni Among alishika redio yake ya Motorola kama mtu anayemkaba kuku.

"Nakupata. Na nilishasema hilo jina silitaki."

"Jina limepitishwa na kamati. Sikiliza. Baruti iko Malaba. Viwashio vya kuilipua bado. Vinapanda meli yako hapo kisiwani. Mwisho."

Mwisho! Ofisi ilipenda sana neno hilo.

Abiria wa Malkia wa Nzoia walimjua Among kama kapteni wa meli ya watalii, mwanamke mrefu mwenye kofia nyeupe na tabasamu la kulazimishwa. Serikali ilimjua kama jasusi. Kati ya kazi hizo mbili, tabasamu ndilo lililomchosha zaidi.

Na leo halikuja kabisa. Kule Malaba, ndani ya foleni ya matangi ya mafuta yaliyongoja kuvuka mpaka, tangi moja lilikuwa limejaa baruti. Hakuna aliyejua ni lipi. Likilipuka, mengine yangefuata, na mji pia. Katikati ya foleni hiyo, kwenye kibanda cha mabati, mama yake Among alikuwa akiwauzia madereva chai.

"Mtoeni mama yangu," alikuwa ameomba asubuhi.

"Tukimtoa mmoja, foleni nzima itajua. Na mwenye baruti pia."

Tangu hapo alikuwa na hasira ya kutafuna misumari.

Meli ilifunga kamba kwenye kisiwa cha Sirwa, ng'ambo ya Budalang'i.

"Kapteni, barafu imeisha," alisema mtalii mwenye kaptura.

"Kapteni, hili ziwa linanuka samaki," alisema mkewe.

Among aliomba radhi kwa niaba ya samaki.

Ofisi ilikuwa imempa silaha ya kisasa: kofia ya ukapteni iliyoshonewa kifaa cha kunusa viwashio. Ililia pii mbele ya sufuria. Ikalia pii mbele ya mkanda wa Omuse, msaidizi wake. Ikamlilia mbuzi.

Kisiwani desturi ni moja. Meli haiondoki kabla abiria wapya hawajaketi kwenye chungu cha Mzee Okwakol. Ni ajono, pombe ya nafaka ya wimbi inayomiminiwa maji moto, na watu huinywa pamoja kwa mirija mirefu kuliko wao. Among, kwa kuwa alikuwa kazini, alipewa soda ya Stoney.

Lakini mvua ilikuwa imezima moto jikoni. Mama Leonida, mke wa mzee, alikuwa huko akipuliza kuni mbichi, na chungu kilikuwa baridi kama bafu la bweni alfajiri. Wazee walivuta bila kunung'unika. Heshima ni heshima.

Hapo akafika abiria wa mwisho. Suti ya kijivu, viatu safi, na begani mrija wake mwenyewe ndani ya ala ya mwanzi, kama wazee wenye hadhi. Alijiita Mulama, mfanyabiashara wa Nambale.

"Karibu, boss," alisema mzee. "Mtu mwenye mrija wake hapiti chungu."

"Nimechelewa, mzee. Meli..."

"Meli ni ya huyu dada. Na huyu dada ameketi."

Kukataa kungekuwa tusi. Mulama alitoa mrija polepole mno, akauzamisha, akavuta. Mashavu yakabonyea.

Among alitazama koo lake.

Halikusogea.

Mama Leonida akatokea na birika, macho mekundu kwa moshi. "Mnisamehe jamani. Pombe ikoje?"

Wazee wakainamisha vichwa. Mulama aliona birika likifuka mvuke, akatabasamu kama mgeni aliyefundwa vizuri.

"Tamu sana, mama! Iko moto mpaka inachoma ulimi."

Wazee wakaachia mirija.

"Wewe! Unanicheka?" Mama Leonida alitua birika chini kwa kishindo. "Moto umekataa kuwaka tangu asubuhi, maji ndiyo haya naleta sasa, halafu unanicheka mbele ya wageni?"

Among aligusa tumbo la chungu. Baridi. Hasira ya siku nzima ikapata mwenyewe.

"Hakucheki, mama. Hajaonja. Mrija wake umezibwa."

Mulama akachomoka.

Jaribu kukimbia migombani na mrija mrefu kuliko wewe, wenye viwashio ndani, usiothubutu kuugonga popote. Alikimbia kama bwana harusi aliyebeba keki.

Among alipita njia ya mbuzi.

Mulama alipofika ufukweni kwenye boti yake, alimkuta Among amekalia injini, bastola ya Glock mkononi.

"Uweke chini. Kwa adabu."

Akauweka.

"Tangi gani?"

Mulama alicheka. "Foleni ni ndefu, Uji Moto."

Hata huyu alilijua jina!

Among alimfunga mikono, akamlazia mrija mapajani, akawasha injini ya Yamaha.

"Ziwa leo lina mawimbi," alisema. "Na mimi nina haraka."

"Utakufa pia, wewe mwanamke!"

"Mama yangu yuko kwenye hiyo foleni. Unadhani najali?"

Wimbi la kwanza liliurusha mrija juu kidogo. La pili lilikuwa bado linakuja.

"Tangi jekundu! Nyuma ya kibanda cha chai! Cha mama mmoja mkali sana!"

Among hakuhitaji jina. Alizima injini, akanyanyua redio.

"Ofisi. Tangi jekundu, nyuma ya mama yangu. Nendeni."

Boti ilielea. Mulama alisali.

"Uji Moto, tumelipata. Foleni inahamishwa. Mwisho."

Kisha simu ikalia.

"Among! Polisi wamenitoa mbio na chai iko jikoni! Itapoa! Nani atakunywa chai baridi?"

Among alimtazama Mulama.

"Kuna mtu namjua, mama. Yeye ataiona moto."

Ufukweni alimkabidhi Mulama kwa Omuse, akaubeba mrija mwenyewe hadi melini. Viwashio halisi vilikuwa chini ya pua yake. Kofia haikusema kitu.

"Kapteni, na ile barafu?"

Among alivua kofia, akaitupa ziwani, akapanda ngazi bila kugeuka.

Nyuma yake, ikizama, kofia ilimwona samaki, ngege.

Pii.